Tambi za Kumlaza Chamsudine

Jumatatu, Machi 2
Nimesinzia tena kwenye tarawehe. Kusinzia gani, nimekoroma! Na pembeni yangu nani? Mzee Rafique, babake Zuleica. Naye alikwisha sema: tuliomposa bintiye tuko wawili, mimi na Chamsudine muuza simu, atakayesinzia msikitini asahau. Chamsudine kasimama wima mpaka witiri, kisha akanitazama akacheka. Mshenzi!

Jumanne, Machi 3
Kituo cha afya. Dona Patrícia, nesi aliyeletwa kutoka Beira, kaniuliza nafuturu nini. Nikataja: chai ya sukari, uji wa sukari, tambi, kaimati. Akashika kichwa. Akasema tumbo lililoshinda tupu ukilimiminia sukari, inapanda damuni mbio, mwili unaikimbilia kuishusha, ikishuka na wewe chini. Nianze na maji na tende, kisha samaki na mboga, mihogo kidogo baadaye. Nikauliza, kwa hiyo samaki peke yake? Akasema hakusema hivyo. Nimemwelewa.

Jumatano, Machi 4
Nimefuturu pweza mtupu, bakuli zima. Usingizi hata chembe! Lakini tumbo limejaa upepo, na kila rukuu ni mtihani. Nimetoka kutawadha mpaka pipa limekauka. Safu ya nyuma imehamia barazani. Mzee Rafique kaniuliza kama naumwa. Jamani, aibu!

Ijumaa, Machi 6
Ya nini nijitese mimi? Alale yeye! Dada yangu Hafsa kapika tambi za nazi, sukari nimetia mwenyewe, bila huruma. Alasiri nimezipeleka kwa Bi Ancha, mamake Chamsudine. Futari ya jirani, nikasema. Kaniombea dua ndefu. Nimeitikia amina kwa moyo wote.

Jumamosi, Machi 7
Balaa! Nani hapa Olumbi hajui kwamba futari nzuri hupelekwa kwa mkubwa? Mimi! Bi Ancha kaipeleka kwa Mzee Rafique, na mzee kaimaliza. Jana usiku kasujudu, hakuinuka. Imamu katoa salamu, mzee yuko palepale. Tukadhani amefariki, nikaanza kulia. Kumbe anakoroma! Chamsudine kamwinua, kampepea, kamshika mkono mpaka kwake.

Jumatatu, Machi 9
Mzee kafuta sharti la usingizi. Anasema yeye naye kakoroma, atamhukumu nani? Nikafurahi, nikaoga, nikavaa kanzu. Halafu habari ikafika: Zuleica kapewa Chamsudine, kwa kuwa alimfikisha baba mtu nyumbani kwa heshima. Roho inaniuma, siwezi kusema uongo.

Jioni sahani yangu ya tambi imerudi kutoka kwa Bi Ancha. Haikurudi tupu, desturi ni desturi: kaimati za posa, zinachuruzika shira. Nimefuturu nazo zote, kwa hasira. Macho yanajifumba hapa ninapoandika.

Lakini ndoa ni Idi mosi, na Chamsudine atakaa mbele ya watu wote. Nimemwagiza Hafsa pweza. Mkubwa kabisa. Asubuhi ya ndoa nampelekea Bi Ancha.