Kifo cha Abdul-Karim, Mtoto wa Bombo

Jumanne, 15 Julai
Hajati Kaltumi, mwenye kibanda chetu cha filamu hapa Kamwokya, kanipa wiki moja. Viti vikibaki vitupu hadi Jumatano ya wiki ijayo, kibanda kinakuwa saluni ya bintiye. Mimi, Huzaifa, VJ wa miaka kumi na moja, ninayewatafsiria watu filamu kwa maikrofoni, nikose kazi kwa ajili ya kusuka nywele! Na Oyat, mwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, anajaza watu hadi mlangoni. Lakini akili ni mali. Nimepata filamu kuukuu ya Hollywood, haina hata rangi. Jambazi anaambiwa na daktari kabakiza siku sita, basi anazunguka kuwaomba msamaha aliowaibia. Mafunzo matupu!

Jumatano, 16 Julai
Nani anataka kutazama Wamarekani wenye kofia? Hakuna. Nikashika maikrofoni nikatafsiri kwa njia yangu: jambazi ni Abdul-Karim, Mnubi mwenzetu, babu yake alitoka Bombo, mji wetu Wanubi, akapotelea Amerika. Kufika katikati, Bi Nuriat wa sokoni alishatambua pua ya ukoo wao. Akaita ndugu. Viti havikutosha! Oyat alinitazama kwa jicho baya. Raha iliyoje!

Mwishoni Abdul-Karim akapigwa risasi. Haki ya Mungu, sikutegemea; sikuwa nimeitazama hadi mwisho. Ukumbi mzima ukaangua kilio.

Ijumaa, 18 Julai
Matanga. Ndani ya kibanda! Bi Nuriat na dada zake wameleta chai, mchuzi na mikate ya gurusa. Wakauliza nani alimwosha marehemu, nani alimswalia. Nikasema shehe wa Chicago. Nimekula sahani tatu. Kumbe Hajati kafunika skrini kwa shuka: msibani hakuonyeshwi sinema, siku tatu nzima. Wateja wote wako kwa Oyat. Na mshenzi huyo kaja kunipa pole kwa mikono miwili!

Jumapili, 20 Julai
Nimemfufua. Nilitangaza kwamba alizimia tu, nikarudia filamu na kuikata kabla ya risasi. Vigelegele! Kisha akasimama Mzee Otema, polisi mstaafu, aliyekuja na wenzake wa kambini. "Kama iko hai, mbona hakuna kamata yeye?" Upande wa polisi ukataka jela. Upande wa Bombo ukasema ameshatubu. Walibishana mpaka umeme ukakatika. Bi Nuriat anadai nirudishe chakula cha matanga.

Jumatano, 23 Julai
Siku ya hukumu ya Hajati. Niliogopa ugomvi utawafukuza wateja. Nikasema ukweli mbele ya ukumbi uliojaa: jamaa alikufa, alikuwa Mmarekani, na mimi ni mwongo. Bi Nuriat akajibu kwamba wameshamsomea khitma, kwa hiyo ni mtu wao, nisiwaletee fitina. Mzee Otema akasema aliyetubu na kufa, faili lake limefungwa. Hajati akafuta machozi. Tangu afungue kibanda, watu hawajawahi kugombania tauba. Saluni itafute pengine! Sharti moja tu, nisidanganye tena. Nikaapa, mkono juu.

Alhamisi, 24 Julai
Mzee Otema ananung'unika kwamba watu wa kwao Gulu hawana mtu Hollywood. Nimemhurumia. Nina filamu nyingine kuukuu, ya mpelelezi hodari, na nimeshatangaza kwamba ni mpwa wake kutoka huko huko. Mzee kaalika kambi nzima ya polisi Jumamosi. Kwenye jalada la filamu kuna jeneza, lakini hilo bila shaka ni la mtu mwingine.