Kuhusu Moto wa Uani Kwangu na Shimo la Mboji la Kijiji

Kijiji cha Ujamaa Nanjikwa,
Njia ya Kitomanga, Lindi.
Septemba 1975

Ndugu Katibu Kata,

Pokea salamu za ujamaa. Za shikamoo tutapeana tukionana, kwani sijajua kati yetu nani mkubwa. Sisi huku wazima, ila tumeishiwa takataka.

Mimi ni Likwata, balozi wa nyumba kumi za upande wa kisimani. Jumamosi mkutano wa kijiji utaamua kama nivuliwe ubalozi, kwa kosa la kuchoma majani ya mikorosho yangu badala ya kuyapeleka kwenye shimo la mboji. Kabla hawajanivua, naomba unisikilize wewe uliyesoma.

1. Amri ya shimo inataka kila nyumba ipeleke tenga moja la takataka kila asubuhi. Ndugu Katibu, mimi na mke wangu Kazija tuko wawili tu. Tunakula ugali wa muhogo kwa dagaa, na dagaa huliwa na kichwa chake. Maganda ya muhogo ni ya mbuzi. Magunzi ni kuni. Takataka nizitoe wapi? Sasa Kazija anamenya muhogo kwa unene wa dole gumba ili tenga lijae, na sufuria imebaki nusu. Tulihamia hapa tuizike njaa. Naona tunazika chakula.

2. Wizi. Tangu tupate Uhuru sijasikia mtu kaibiwa takataka. Mwezi huu, katika nyumba zangu kumi, nimeamua kesi nne. Jirani yangu Maftaha nilimkuta amejitwika tenga la majani niliyoyafagia mwenyewe. Nikamwuliza, vipi tena ndugu yangu? Akanijibu bila hata kulitua: "Mzee Likwata, takataka ni mali ya umma, na umma ndio mimi." Tangu siku hiyo nafagia na panga kiunoni.

3. Majani ya mkorosho yasipofagiliwa yakachomwa, korosho ikidondoka huioni, na nyoka humwoni mpaka akuone yeye. Baba yangu alichoma, na babu alichoma. Tena moto wangu haupotezi kitu. Majivu tunahifadhia kunde zisibunguliwe, tunasugulia masufuria, tunamwaga chooni. Moshi unafukuza mbu, na unafika mpaka kwa Maftaha bila yeye kuuomba. Huo kama si ujamaa, ni nini?

4. Bibi Shamba wetu, Rosalia, alichomeka kijiti shimoni mbele ya watu wote, akakitoa kina joto, akasema: "Mnaona jamani? Linapika lenyewe!" Watu wakapiga makofi. Basi, Ndugu Katibu, kumbe nao wanachoma, ila wao wanachoma polepole na kwa vikao. Kama kosa ni moto, tushtakiwe wote. Kama kosa ni haraka, nionyeshwe azimio linalomkataza mtu kumaliza kazi mapema.

Kwa hiyo naomba moto wangu uandikwe rasmi kuwa tawi la shimo la kijiji, na mimi niwe msimamizi wake. Ikishindikana, wilaya ituletee takataka kwa lori kutoka mjini, ambako nasikia zipo za kutosha, tugawiwe kwa haki, kila nyumba tenga lake. Na ubalozi niachiwe, maana kesi za takataka hapa hakuna mwingine anayeziweza.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na yule mlinzi wa ofisi aliyenizuia mlangoni safari iliyopita. Mwambie sina kinyongo. Kazija naye anasalimu, ingawa mikono imejaa muhogo.

Ni mimi, mwenzako katika kazi na moshi,
Likwata bin Hasani

Nyongeza: Naomba barua hii uipige muhuri wa wiki iliyopita, kisha unirudishie kabla ya Jumamosi. Jana, kamati ya kijiji ikiwa kikaoni, Bibi Shamba Rosalia alinikuta natoka shimoni na tenga la tisa la mboji, nalipeleka kwenye mchicha wangu, ambao sasa unanifika kiunoni. Akilileta jambo hilo Jumamosi, nitaitoa barua hii niisome: mtu anayelipinga shimo tangu wiki iliyopita, ataibaje kilichomo? Na ile amri ya tenga la kila asubuhi, tafadhali usiifute. Iendelee, ila kwa wengine.