Chai ni Nigh

Jumapili, 2 Machi 1952
Mume wangu Clifford bado yuko jeshini Ujerumani. Wiki nzima sijaongea na mtu ila mwanetu Edwin, naye hata meno hana. Leo kanisani mchungaji katufundisha neno la kale la Kiingereza chetu, nigh. Maana yake karibu. Kumbe near ilikuwa karibu zaidi, na next ni karibu kupita wote. Hata neno letu la jirani, neighbour, limetoka humo: mkaa nigh. Nikapiga hesabu. Bi. Thackray wa mlango unaofuata ndiye next wangu! Ukuta mmoja tu. Tangu tuhamie ameniambia "Baridi leo," basi. Hajui tu alivyo karibu. Lazima ajulishwe.

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kufua. Nimechukua foronya kuukuu na rangi ya viatu, nikaandika: CHAI NI NIGH. Neno la kanisani kwake, atakataaje? Nikaitundika kambani. Chai ya mgao niliibania. Vikombe viwili mezani. Nikangoja. Wapi.
Jioni nikatoka. Upepo umerusha nepi ya Edwin juu ya CHAI. Limebaki NI NIGH, kama mabango ya wale wahubiri wa sokoni: mwisho wa dunia ni nigh. Bi. Thackray kaanua nguo mbichi, kafunga mapazia. Nikanywa vikombe vyote viwili.

Jumanne, 4 Machi
Bi. Thackray kabisha hodi asubuhi, na kofia ya kanisani. Kauliza ni wiki hii au ijayo. Nikamweleza. Akavua kofia: "Wewe binti! Jana nimemwandikia dada yangu kwamba nimemsamehe. Kumbe nepi!"
Lakini kaketi. Kampakata Edwin, kanywa chai, kasema mtoto ana masikio ya askofu. Akiondoka kaniambia niache ujinga wa mabango. Nikitaka mtu, nigonge ukuta kwa chuma cha kuchokolea moto. Atasikia.

Jumatano, 5 Machi
Kimya tena. Namsikia Bi. Thackray akikohoa upande wa pili. Nimeufikiria ule ushauri wa kugonga. Hapana, hiyo ni kazi ya mtu asiye na mpango. Kilichomleta ni neno. Nimetoa shuka la kitandani. Linaenea maneno mengi. Nepi nitaanika jikoni.
Sasa hivi kuna mtu anagonga ukuta kwake. Ngo, ngo, ngo. Anaacha, anaanza tena. Atakuwa anatundika picha. Namwombea amalize, Edwin asije akaamka, niandike herufi zangu kwa utulivu.