Mkwe Aliyeipa Barabara Mgongo

Mkwe wangu ana adabu mpaka inaua! Nusura ituue wawili, mchana kweupe.

Yeye ni mwalimu wa udereva. Leseni yake ndiyo sufuria ya wajukuu wangu. Darasani kwake ni kelele moja tu: "Macho mbele! Macho mbele!" Juzi akanunua gari linalojiendesha lenyewe, akaja kunichukua anipeleke kwa binti yangu. Kifua mbele, utadhani kalizaa yeye!

"Mama, hili halichoki, halisahau, halidanganyi. Lina akili kuliko madereva wote wa mji huu."

"Na likigonga mtu, nani atafungwa?"

"Aa, mama! Haligongi."

"Sikuuliza kama linagonga. Nimeuliza nani atafungwa."

Akacheka. Nami nikapanda nyuma, maana sijazaliwa kushindwa na kitu chenye magurudumu.

Hatujafika mbali, mwenzangu akageuka. Akapiga magoti juu ya kiti cha dereva, uso kwangu, kisogo barabarani!

"Miaka yote nakuendesha huku nimekupa mgongo, mama. Aibu gani hii! Leo nakupa uso."

Gari likasema, sauti laini kama ya bibi harusi: "Dereva, tafadhali shika usukani."

"Nyamaza wewe, naongea na mama!"

"Mwanangu, si ushike huo usukani?"

"Mama, tulia. Hivi mgongo wako unaendeleaje?"

Mgongo wangu! Mbele yetu fundi wa kuchora mistari ya barabara alikuwa anasukuma mkokoteni, ndoo yake ya rangi imetoboka. Nyuma yake ukatiririka mstari mweupe, ukaacha barabara pamoja naye alipokata kona, ukaingia uani walikomwaga zege bichi. Na lile gari lenye akili likaufuata kama mbuzi anayefuata pumba!

Chubwi! Magurudumu yote ndani ya zege. Mkwe akaniangukia mapajani. Adabu ikaishia hapo.

Askari wa barabarani akaja mbio. "Dereva nani?"

"Gari lenyewe, afande. Mimi abiria tu."

"Ahaa! Basi tulihoji." Akainama dirishani. "Ewe gari, ilikuwaje?"

Gari likajibu bila haya: "Nilimwomba dereva ashike usukani. Akasema: Nyamaza wewe, naongea na mama."

Afande akanitazama. "Ni kweli, mama?"

"Mkwe wangu mwenyewe kasema halidanganyi."

"Sheria inasema aliyekaa kwenye usukani ndiye dereva, hata akiupa kisogo. Lete leseni!"

"Afande, hiyo ndiyo unga wa wanangu! Nafundisha udereva!"

"Utarudishiwa ukifaulu mtihani. Kuanzia mwanzo, pamoja na wanafunzi wako."

Tukaenda kwa miguu. Mkwe katangulia, shingo imekakamaa, suruali imeganda zege. Njia nzima hakugeuka hata mara moja. Kanipa mgongo mpaka mlangoni kwa binti yangu.

"Hapo sasa, mwanangu!" nikamwambia. "Macho mbele. Mtihani utafaulu."