Sura Isiyokumbukwa

Mtaji wa Masila ulikuwa sura yake. Haikuwa nzuri wala mbaya. Ilikuwa ya kusahaulika. Ukiagana naye kwenye kona, utakayoikumbuka ni kona.

Siku moja alimkuta Nasimiyu akichora sura za watu kando ya barabara, katikati ya jiji la Nairobi. Wapita njia walimsifu, wakapiga kazi zake picha kwa simu, wakaenda zao bila kununua. Masila akanusa pesa.

"Dada, wewe una mkono, mimi nina mdomo. Nipe picha moja ya kuonyesha, nikakutafutie wateja."

"Na mimi napata nini?"

"Kwanza nikutangaze. Pesa itafuata jina."

Nasimiyu akampa, akiwa ameandika pembeni jina lake na mahali anapochorea.

Masila akaipeleka Uthiru, ambako nyumba za kupangisha huota haraka kuliko sukuma wiki. Kila mwenye ploti, Masila alimwambia lile lile: "Mtu na ploti yake, na picha yake haiko getini? Wapangaji watadhani wewe ni keateka, mtunza nyumba ya mwenzako!"

Huko hakuna tusi zito kuliko hilo. Wakatoa pesa za kuanzia bila kuulizwa mara mbili. Mama Munyiva peke yake ndiye aliyeng'ang'ania abaki na ile picha kama rehani.

Wiki zikapita, hakuna aliyeletewa hata mstari. Munyiva akasoma pembeni mwa picha, akashuka mjini.

"Wewe ndiye Nasimiyu? Picha yangu iko wapi?"

"Picha gani, mama?"

Munyiva akamwonyesha ile ya rehani. Wakatazamana.

"Kumbe tumeliwa sote," Munyiva akasema. "Na polisi wakiniuliza sura yake inakaa aje, nitasema nini? Ana macho mawili, basi!"

"Mimi sisahau uso," Nasimiyu akajibu, akachukua kipande cha mkaa.

Masila alirudi Uthiru bila wasiwasi, safari hii akiwa injinia wa matangi ya maji.

"Niaje, msanii!" muuza mitumba akamwita. Mwenye boda boda akampigia honi. Masila akaongeza mwendo, na kwenye geti la Munyiva akakutana ana kwa ana na yeye mwenyewe, mkubwa kama mlango. Chini yake: *Kazi ya Nasimiyu*, na namba ya simu.

"Huyo si mimi!" akasema kabla hajaulizwa.

"Simama hapo kando tulinganishe," Munyiva akamwambia, wapangaji wakiziba njia. "Geuza shingo."

"Hiyo pua si yangu!"

"Ni ile ile uliyonusia pesa zetu."

Watu wakatoa simu. Masila akaanza kulia, akidhani wanaita polisi. Munyiva alikuwa ameshawaita. Hao wengine walikuwa wakimpigia Nasimiyu, kila mmoja akitaka achorwe akafanana vivyo hivyo.

Kwa hiyo tusimwonee Masila. Aliahidi kumtangaza Nasimiyu, akamtangaza.