Kigiriki cha Mtamba Mmoja

Jumatatu, 8 Juni 1998

Sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda dirishani mara tisa. Ziwa liko pale pale.

Sababu ni binamu yangu Chenge, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Amekuja chuoni kwa baiskeli, anahema. Kuna mwekezaji kaweka chumba kuanzia Ijumaa. Anakuja kukagua kile kinu cha pamba kilichofungwa, njia ya Igoma. Na mwekezaji huyo ni Mgiriki!

Mungu hamtupi mja wake. Miaka miwili nasoma fasihi ya Wagiriki wa kale, kwa lugha yao wenyewe. Si kwa kupenda. Nilikuja kuomba Uongozi wa Biashara, kama kila mtu. Karani akasema Biashara imejaa, ila kwenye Kigiriki nafasi zipo. Zilikuwepo kweli. Mpaka leo tuko watatu: mimi Luhende, Dorcas, ambaye hakosei na hasemi, na Ishengoma, ambaye hakosei na hanyamazi.

Baba alimuuza Madoa, mtamba wake wa pekee, ili niingie chuo. Alipoambiwa ni Kigiriki akauliza kinapandwa mwezi gani.

Sasa kuna mtihani wa mdomo Jumamosi ya tarehe 20, mbele ya wazazi na wageni. Wa kwanza atalipiwa mwaka wote wa tatu. Wengine tutajilipia. Baba hana mtamba mwingine. Miaka ishirini na minne alipanga madaraja ya pamba kwenye chama cha ushirika, kisha wakampunguza. Siku hizi anapanga viazi. Nisipokuwa wa kwanza, narudi Buhongwa kupanga viazi naye.

Lakini mkalimani wa mwekezaji anahitaji ufadhili wa nini? Ishengoma asijue kamwe.

Jumanne, 9 Juni

Ishengoma anajua. Chenge alimwuliza getini mahali nilipo, akamweleza yote. Alidhani ni rafiki yangu.

Darasani mambo mabaya zaidi. Tulisoma kuhusu mzee mmoja anayekwenda kwa adui kuomba maiti ya mwanawe. Mzee kwa Kigiriki ni geron. Nikasoma. Sista Prudencia, mwalimu wetu, akafumba macho. Akasema Luhende, umesema gelon, na gelon ni mtu anayecheka. Mtoto wake amekufa, wewe unamchekesha.

Nikasema nimetamka geron. Akasema nirudie. Nikarudia. Dorcas akainamisha kichwa.

Mbele kidogo likaja neno pater, yaani baba, wanavyomwita mungu wao mkuu. Ishengoma akauliza kwa upole sana kama huyo Patel ni yule mwenye duka la vitambaa Makoroboi. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta.

Sisi Wasukuma ulimi wetu umenyooka. Herufi inayotetemeka si kosa letu. Hata hivyo sikula mchana.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepata dawa! Sista aliwahi kutuambia kwamba Mgiriki mmoja wa kale, mwenye ulimi mzito, alijifunza kuhutubia ziwani (yeye alisema baharini, maji ni maji) huku ana kokoto mdomoni. Mwanza tukose vyote, mawe hatukosi. Nikashuka ufukweni, nikachagua kokoto laini, nikapanda juu ya jabali, nikaanza: rrra, rrre, rrri. Wanawake waliokuwa wakifua wakakusanya nguo wakahamia jabali lingine.

Kwenye rrro nikalimeza.

Muuguzi wa zahanati, Mama Teodora, aliniuliza nilikuwa nakula nini. Nikamwambia nilikuwa nasoma. Ameandika kwenye daftari: amekula jiwe kwa ajili ya masomo. Anasema nisubiri, litatoka.

Ijumaa, 12 Juni

Halijatoka.

Ila akili haina kokoto. Nimemwambia Ishengoma, kama siri ya kaka na kaka, kwamba Mgiriki ameahirisha. Kwanza amepita Bukoba kuangalia kahawa, atafika Jumapili alfajiri kwa meli. Aliamini papo hapo. Mwambie Mhaya kwamba mgeni yeyote ameanzia Bukoba, hatakuuliza ushahidi.

Mgiriki ametua leo kwa ndege. Chenge kambebea begi.

Jumapili, 14 Juni

Nimevaa suti ya mtumba, mikono mirefu kidogo. Nikamkuta mgeni anakunywa chai kwenye kibaraza cha hoteli. Nikasimama wima, nikamsalimia kwa Kigiriki cha miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Salamu, ewe mgeni, uliyevuka maji yenye samaki wengi!

Akaweka kikombe chini. Akajiuliza kidogo, kisha akafanya ishara ya msalaba.

Halafu akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu, kwamba yeye amezaliwa Kilosa, kwenye shamba la mkonge la baba yake. Kwamba Kigiriki hukitumia kwa kusali na kutukana tu. Na kwamba mara ya mwisho kusikia maneno ya namna ile ilikuwa kwenye mazishi ya bibi yake. Akauliza kama nauza mishumaa.

Nikamweleza kwamba mimi ni msomi wa Kigiriki. Akauliza, wa Kigiliki? Hata yeye!

Aliniagizia chai, hata hivyo. Akasema mkalimani hahitaji. Anahitaji mtu mzima wa ule ushirika wa zamani, mwenye kuishika pamba mkononi akajua ni safi au ni fifi. Akauliza kama namfahamu mmoja.

Nikamwona Baba mbele yangu, na katambuga zake za tairi na koti lake lililotiwa viraka na uzi wa rangi nyingine. Na mimi pale, na suti na Kigiriki changu. Nikasema hapana, simjui. Nikasema wale wazee wamekwisha wote.

Baba yuko Buhongwa, anakula viazi. Sijui kwa nini nilisema vile. Neno hilo limenikaa kooni kuliko lile kokoto, ambalo, kwa taarifa, limetoka.

Ishengoma alisimama bandarini tangu alfajiri. Njia ya mwongo ni fupi: kwenye meli ile ile mama yake alikuwa amempa mtu mkungu wa ndizi amletee. Kamgawia Sista chana mbili. Kanishukuru mbele ya watu kwa kumtuma bandarini.

Jumatano, 17 Juni

Ukalimani umekufa. Umebaki mtihani. Ni lazima niwe wa kwanza.

Nimegundua kanuni. Tatizo langu ni L. Basi ninaifuta L duniani! Kila nikiiona, natamka R. Hakuna kuchagua, hakuna kufikiri. Kanuni nzuri haina mlango wa nyuma.

Nimemsomea Dorcas ukurasa mzima. Macho yalimtoka. Alifungua mdomo, jambo ambalo hutokea mara mbili kwa muhula, lakini nikainua mkono kumzuia, nisipoteze mwendo. Akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akanipa. Pongezi, bila shaka. Nimekiweka mfukoni, nitakisoma nikishinda.

Ijumaa, 19 Juni

Baba amefika siku moja kabla. Shikamoo, marahaba, na gunia la viazi. Koti ni lile lile. Amelipiga pasi.

Kisha Sista akanipa habari njema: kwa kuwa mjini kuna Mgiriki, amemwalika awe mgeni wa heshima. 

Mgiriki na Baba chumba kimoja! Nimemwambia Baba kwamba kwa desturi ya vyuo vikuu, wazazi wanaoheshimiwa hukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Baba akasema kwenye ushirika aliyekaa nyuma hakuuona mzani, na ndiye aliyeibiwa. Atakaa mbele.

Jumamosi, 20 Juni

Nitaandika haraka, kabla sijabadili nia.

Baba mbele. Mgiriki kando yake. Mtahini alikuwa padre mzee sana kutoka ng'ambo ya ziwa. Dorcas akasoma kwa sauti ndogo, hakukosea. Ishengoma akasoma vizuri, kisha akaongeza hotuba ambayo hakuombwa, padre akaangalia saa.

Nikaitwa mimi. Kifungu: wazee wameketi juu ya ukuta, mji wao unaungua, wanaulilia. Mji kwa Kigiriki ni polis. Nilinguruma. R zangu zilitikisa vioo. Kila palipokuwa na polis nilisema poris, mara saba, na mara ya saba nilinyoosha mkono.

Padre akaniomba nitafsiri. Nikasema wazee wanaulilia mji wao. Akasema hicho ndicho kilichoandikwa. Nilichosoma mimi ni kingine. Akasema neno poris lipo kweli, ni adimu, hata yeye ni miaka hajalisikia, na maana yake ni mtamba. Kwa hiyo, akasema, kwa mujibu wa Bwana Luhende, wazee wameketi ukutani wanamlilia mtamba wao, na mtamba anaungua.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Ishengoma akauliza kama chumvi ipo.

Nikajitetea. Nikasema ipo nakala nyingine ya kale yenye neno hilo. Padre akauliza imehifadhiwa wapi. Nikasema Misungwi.

Hapo Baba akasimama. Akavua kofia. Akaomba radhi kwa plofesa, akasema yeye hajui Kigiliki, ila anashangaa watu wanacheka nini.

"Mimi wangu nilimuuza huyu asome," akasema. "Nililia. Sema nililia zizini, asinione. Kama hao wazee walimlilia mtamba wao, basi walikuwa watu."

Akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Padre akaandika kitu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ufadhili kapata Dorcas. Ishengoma wa pili. Mimi nirudie Septemba, kwa gharama yangu.

Nje, Mgiriki alimfuata Baba akamwuliza alikuwa akifanya kazi gani. Baba akamwambia. Mgiriki akatoa mfukoni pamba aliyoichukua kinuni. Baba hakuitazama, aliishika tu, akasema ni fifi, na imenyeshewa ikiwa ghalani, paa linavuja upande wa ziwa. Mgiriki akamshika mkono hapo hapo. Kazi inaanza Jumatatu.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema, lakini kijana, wewe si uliniambia wamekwisha wote?

Baba akanitazama. Alielewa yote, niliona. Halafu akamwambia Mgiriki kwamba kijana hana kosa. Sisi wa ushirika tulikuwa tumekwisha kweli, ni leo tu tumefufuliwa.

Niliona aibu. Si ile ya mtamba na mji, hiyo nimeizoea. Hii nyingine. Nilimsindikiza mpaka stendi nikambebea gunia tupu. Mfukoni nikakuta karatasi ya Dorcas: Umegeuza zote. L zilizo L ziache.

Nimeapa. Hila basi. Kuanzia leo ni kitabu, kazi na ukweli.

Jumapili, 28 Juni

Nimekwenda Buhongwa. Baba ana mhuri shingoni na kalamu sikioni, anatembea kama zamani. Mgiriki alimtangulizia mshahara, naye akaenda moja kwa moja kwa mtu aliyemnunua Madoa, wakaelewana. Madoa yuko zizini! Na nyuma yake ndama jike, mwenye baka jeupe usoni, maana huko alikokuwa alizaa. Baba ameniomba nimpe jina. Nimemwita Poris. Baba alilirudia mara tatu, akatamka Polis. Sikumsahihisha.

Tulikaa vizuri sana. Nilikuwa na furaha ya kweli.

Ila Chenge alipita. Anasema wale marubani Warusi wanaobeba minofu ya sangara pale uwanja wa ndege, Ilemela, hawana mkalimani hata mmoja. Hata mmoja! Na Sista alishawahi kusema kwamba herufi za Kirusi zilitoka kwenye za Kigiriki. Maana yake nusu ninayo tayari. Dar es Salaam kuna kozi ya miezi mitatu, inaanza Agosti. Na R ninayo sasa, ya kutosha na kubaki.

Nikamwuliza Baba, kwa mbali tu, kama ndama wa umri ule huwa anapata mnunuzi.

 Baba aliinuka taratibu, akaenda akasimama kati yangu na ndama, na mpaka ninaandika haya bado amesimama.