Lalamiko Kuhusu Masikio ya Mama Enock

Ignas Mageni,
Dereva na Fundi Mkuu wa Chura,
Kijiji cha Isabilo, Geita.

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Ngassa, ambaye pia ni baba mkwe wangu.

Shikamoo Baba. Salamu hiyo ni ya mkwe. Kuanzia mstari unaofuata anayekuandikia ni mtumishi wa kijiji, nami naomba usome kama mwenyekiti.

YAH: MASIKIO YA MAMA ENOCK

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kama unavyojua, Chura ni gari la magurudumu manane, linatembea nchi kavu na kuogelea majini, tuliloachiwa na watafiti wa madini walipofungasha. Halina usukani. Lina fimbo mbili, ya kushoto na ya kulia, na magurudumu yake yanazungushwa na cheni kama baiskeli, ila cheni ni nyingi. Ndilo linalotuvusha mkono wa ziwa tangu maji yachukue daraja. Mimi ndiye fundi wake pekee mwenye cheti, nilichopata Shinyanga kwa mafunzo ya miezi mitatu, na ambacho Violeth, binti yako, alikitundika ukutani kwa hiari yake.

Mwezi uliopita Chura alianza kutoa sauti: kru, kru, kru, tak. Nilisikiliza, nikatamka kuwa ni cheni. Mambo yangeishia hapo. Hayakuishia, kwa sababu zifuatazo:

1. Siku ya pili yake alipanda Zipora, yaani Mama Enock, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule machimboni. Aliketi nyuma kushoto. Hatujafika hata kwenye matete, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, akaniambia kwa utulivu, "Ignas mwanangu, hiyo si cheni. Ni beringi. Gurudumu la tatu, kushoto." Nilimweleza kwa heshima zote kwamba abiria hupewa kiti, hapewi injini. Akajibu kwamba karasha lake limeshakula beringi kumi na tisa, na kila moja ilimuaga kwa sauti hiyohiyo.

2. Nilibadilisha cheni. Sauti ikabaki. Hili namlaumu Mama Enock moja kwa moja, maana sauti ikishapewa jina inapata kiburi.

3. Abiria wote wakaota masikio. Marselino, mwalimu wa kwaya, alitangaza kwamba kru zote tatu ziko sawa ila tak inachelewa kuingia. Watu wakaanza kugombea kukaa nyuma kushoto ili wasikie vizuri, na Chura akawa anaogelea ameinama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Nikatoa agizo abiria waimbe tangu ufukweni hadi ng'ambo, sauti isisikike. Mheshimiwa, waliimba vizuri sana. Waliimba kwa mdundo wa kru, kru, kru, tak.

4. Muuguzi wetu Lusia alimwazima Mama Enock kile chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo, na huyo mama akakizungusha kwenye magurudumu yote manane kama yuko wodini. Mimi nilikuwa palepale na bisibisi yangu ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, jinsi fundi aliyesoma anavyosikiliza. Hakuna aliyenitazama.

5. Sasa nafika Jumatano iliyopita, ambayo umeshasimuliwa na watu wasio na cheti. Lusia alikuwa na kisanduku cha chanjo, na ng'ambo akina mama walikuwa wanamsubiri na watoto wao. Tulipokusanyika ufukweni Mama Enock alisema, "Leo msivuke. Sauti imenyamaza." Nilimjibu kwamba kunyamaza ndiko tulikokuwa tunakutafuta mwezi mzima. Nikawasha. Naye akapanda, nadhani ili ashuhudie.

Tulipofika katikati ya maji ilisikika tak moja kubwa. Ekseli ikalala, cheni ikaruka, na magurudumu yote ya kushoto yakafa. Ya kulia yakaendelea na kazi kwa uaminifu. Chombo chenye upande mmoja hai hakiendi mbele, Mheshimiwa. Kinazunguka. Tulizunguka mara kumi na moja, Marselino alihesabu. Kila tulipowaelekea wale akina mama walitupungia mkono, nasi tukawapungia, kisha tukawapa mgongo.

Lusia alikuwa amekikumbatia kile kisanduku. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ignas, barafu inayeyuka." Sitaficha kitu: fimbo zote mbili niliziona hazina maana.

"Zima," akasema Mama Enock.

Nikazima. Yeye akafungua mzigo wa abiria mmoja aliyekuwa anapeleka masufuria mnadani, akagawa mifuniko, akatupanga wanne kulia na wanne kushoto, tukapiga makasia mpaka nchi kavu. Lusia alifungua kisanduku, akatazama kipimajoto kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akatikisa kichwa kukubali. Watoto thelathini na wanne walichomwa chanjo siku hiyo, na wote walilia inavyopaswa.

Mama Enock alifungua gurudumu la tatu, kushoto. Ndani hamkuwa na goroli hata moja. Mlikuwa na unga mwekundu kama ugoro.

6. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinasema nilikosea. Naomba tupime athari zake. Kama ilikuwa beringi, basi cheti changu kimekosea. Kama cheti kimekosea, mwalimu aliyenifundisha amekosea. Kama mwalimu amekosea, magari yote yaliyotengenezwa na wanafunzi wake, kutoka Geita hadi Mwadui, yanatembea kwa bahati tu, na itabidi yaegeshwe leo. Mchanga wa dhahabu utabaki shimoni. Tumbaku ya Ushetu itaozea ghalani. Je, taifa lisimame kwa ajili ya beringi moja?

Kwa hiyo naomba uitishe mkutano wa hadhara, wananchi wapitishe kwa kuinua mikono kwamba ilikuwa cheni. Pili, Mama Enock aamriwe kuziba masikio kwa pamba kila apandapo Chura; pamba tunailima wenyewe, na wakulima watapata soko. Tatu, Violeth aache kuimba kru, kru, kru, tak anaposonga ugali. Hili la tatu unaweza kulishughulikia kama baba.

Nisalimie mama mkwe, katibu wa kijiji, wajumbe wote hata waliocheka, na ng'ombe wale wawili wa mahari kama bado wananikumbuka.

Ni mimi mtumishi wako, niliyebaki na cheti na fimbo mbili,

Ignas Mageni

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Asubuhi hii Chura, ambaye kushoto sasa ana beringi mpya, ameanza kupiga mluzi mwembamba upande wa kulia. Nilimwendesha mpaka kwa Mama Enock bila kupita popote, nikamuuliza ni nini. Alizima karasha, akachukua kiganja changu, akakilaza kwenye chuma cha ekseli, akaniambia nifumbe macho huku yeye akizungusha gurudumu taratibu. Nikasema sisikii kitu. Akazungusha tena, na tena. Mara ya nne kitu kidogo kilipita chini ya kiganja changu, kama mchanga kwenye wali.

"Beringi," nikasema.

"Ya ngapi?"

"Ya pili, kulia."

Hakunisifu. Alinipa spana. Baba, mkutano usiitishwe. Kama umeshaitishwa, mkono wangu uhesabiwe wa kwanza upande wa beringi, na Mama Enock aandikwe Fundi Mkuu. Mimi nitabaki dereva na mwanafunzi wake. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, kwa hiyo akikuuliza inahusu nini, mwambie ni habari za shamba.